Orodha ya wagonjwa iandikwe na tarehe ya kufutwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua za wasomaji nichangie jambo ambalo huzungumzwa sana maradhi yanapolipuka na kusahauliwa mara tu yanapotulia: mamlaka za afya ziruhusiwe kuingia katika faragha na uhuru wa mtu kwa kiasi gani, na kwa muda gani, zinapotaka kuwalinda wengine. Mara nyingi mjadala huu huendeshwa kana kwamba kuna pande mbili zinazoshindana, upande wa afya na upande wa uhuru, na kila anayefungua mdomo sharti kwanza ataje yuko upande gani. Kwa maoni yangu faragha ya mgonjwa ni nyenzo ya kazi ya afya ya umma sawa na maabara au chanjo, na serikali inayoichezea hujifungia yenyewe njia ya kupata taarifa itakazozihitaji mlipuko mwingine ukija.

Niseme mapema kwamba sibishi haja ya hatua kali. Mtu mwenye surua huanza kuambukiza wengine hata kabla vipele havijaonekana, na ndiyo maana wataalamu husema jamii inahitaji takriban asilimia 95 ya watu wake wawe na kinga ili ugonjwa huo usienee. Hapo uamuzi wa mzazi mmoja unamgusa mtoto wa mwenzake aliye mchanga mno kuchanjwa. Ndui, ambayo Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 1980 kwamba imetokomezwa, iliondolewa na wahudumu waliomtafuta kila mgonjwa nyumba kwa nyumba, wakaorodhesha waliokuwa karibu naye na kuwachanja. Na zamani zaidi, mwaka 1854, daktari John Snow alipotaka kujua kwa nini watu wa eneo moja la London walikuwa wakifa kwa kipindupindu, alikwenda ofisi ya usajili wa vifo akaomba orodha ya waliofariki, kisha akazifuata nyumba zao akiuliza marehemu alikuwa akinywa maji ya wapi. Pampu ya maji ya mtaa wa Broad Street, iliyokuwa ikieneza ugonjwa, iligunduliwa kwa njia hiyo. Bila anwani za marehemu wale, asingekuwa na cha kuchora kwenye ramani yake.

Kwa hiyo taarifa za watu zinahitajika, tena zile zenye jina na mahali. Ninachodai ni kwamba kila orodha ya aina hiyo iwe na kazi moja inayojulikana, iwe na ofisi moja inayowajibika kuitunza, na iwe na tarehe ya kufutwa iliyoandikwa katika sheria siku ileile orodha inapoanzishwa, bila kungoja mtu alalamike.

Tarehe hiyo haihitaji kubuniwa, kwa sababu ugonjwa wenyewe huitoa. Mtu aliyekutana na mgonjwa wa Ebola hufuatiliwa kwa siku 21, kwa kuwa huo ndio muda wa juu ambao virusi hivyo kwa kawaida hukaa mwilini kabla ya dalili kutokea. Uviko-19 ulipoanza, muda uliotumika sehemu nyingi ulikuwa siku 14. Siku hizo zikipita na mtu hajaugua, jina lake kwenye orodha ya ufuatiliaji halimsaidii tena mgonjwa wala daktari yeyote. Mtafiti anayetaka kujua jinsi ugonjwa ulivyosambaa anaweza kubaki na umri, jinsia, eneo na tarehe. Hana sababu ya kubaki na jina na namba ya simu. Orodha iliyohifadhiwa miaka miwili baada ya siku 14 kwisha ni orodha iliyopewa kazi nyingine, na wenye majina hawakuulizwa.

Nichukue mfano wa daftari lililokuwa mezani kwenye milango ya ofisi nyingi wakati wa Uviko-19. Kalamu ilifungwa kwa uzi. Ukurasa ulichorwa kwa rula safu za tarehe, saa, jina kamili, namba ya simu, joto la mwili na sahihi. Nilipofika kuandika yangu katika ofisi mojawapo, niliweza kusoma majina ya wote walionitangulia tangu asubuhi, saa ambayo kila mmoja aliingia, na namba yake ya simu. Safu ya joto la mwili ilikuwa imejazwa nyuzi 36.5 kutoka juu hadi chini, kwa mwandiko mmoja. Nilimuuliza mlinzi daftari likijaa linapelekwa wapi, akanionyesha yaliyojaa yakiwa yamepangwa chini ya meza, kwa kuwa hakuwa amepewa maelekezo yoyote juu yake. Hatua ile iliwavua faragha watu wote waliopita mlangoni na haikumpa mfuatiliaji wa maambukizi kitu cha maana, maana vipimo vya joto vilikuwa vya kuandikwa tu na hakuna ambaye angeweza kuyapekua madaftari yale kwa wakati. Kama kila mgeni angepewa kikaratasi chake, akakitumbukiza katika kisanduku chenye kufuli, na vikaratasi vya kila siku vikatiwa katika bahasha iliyoandikwa tarehe ya kuchomwa, kazi ingefanyika vizuri zaidi kwa gharama ndogo. Nalikazia jambo hili kwa sababu watu wengi hudhani kulinda taarifa binafsi ni shughuli ya mafundi wa kompyuta peke yao, na hapa kilichokosekana kilikuwa kisanduku na maelekezo ya mistari miwili.

Palipotumika simu, zilionekana njia mbili tofauti. Singapore ilizindua programu ya TraceTogether mwezi Machi 2020, na wananchi wakahakikishiwa kwamba taarifa zake zingetumika kuwatafuta waliokutana na wagonjwa tu. Januari 2021 bunge la nchi hiyo lilielezwa kwamba polisi wanaweza kuzipata taarifa hizo kwa ajili ya upelelezi wa jinai, kwa kuwa sheria ya mwenendo wa mashauri ya jinai tayari iliwapa uwezo huo. Mwezi uliofuata ikapitishwa sheria ya kuyabana matumizi hayo yaishie kwenye aina saba za makosa makubwa. Wapo watakaosema kumsaka muuaji ni jambo jema, nami nakubaliana nao. Lakini waliowasha programu ile walikubali jambo moja wakafanyiwa jingine, na ahadi waliyopewa haikuwa na nguvu mbele ya sheria iliyokuwapo siku zote. Njia ya pili ni ile iliyotangazwa na Apple na Google mwezi Aprili 2020, ambapo simu mbili zikikaribiana hubadilishana kwa Bluetooth namba zisizomtaja mtu, namba zilizopokewa hubaki ndani ya simu, na mwenye simu ndiye anayepata onyo iwapo mmoja wa watu aliokaribiana nao amethibitika kuugua. Hakuna ofisi inayokusanya majina wala mahali watu walipopita. Norwei, ambayo programu yake ya mwanzo ilikuwa ikikusanya taarifa za mahali watu walipo na kuziweka katika hifadhi moja, iliisimamisha mwezi Juni 2020 baada ya mamlaka yake ya ulinzi wa taarifa binafsi kuipinga, na taarifa zilizokuwa zimekusanywa zikafutwa. Anayesema hapakuwa na namna nyingine hana hoja.

Jambo ninaloliona kuwa zito kuliko yote ni kwamba mgonjwa anayeogopa kutajwa haendi kupimwa. Wanaowahudumia watu wenye Virusi vya Ukimwi wanalijua hili kuliko mtu yeyote. Zipo kliniki ambazo dawa za kufubaza virusi hutolewa kwenye dirisha la peke yake, siku maalumu ya wiki, kwa kadi ambayo rangi yake haifanani na kadi nyingine yoyote ya hospitali. Hakuna aliyekusudia kumtangaza mtu, lakini kila anayeketi kwenye benchi lililo mbele ya dirisha hilo ameshatangazwa kwa jirani yake anayepita kumpeleka mtoto kliniki. Ndiyo maana wapo wanaopanda basi kwenda kuchukua dawa katika mji ambao hawajulikani, na wakikosa nauli wanakosa dawa. Anayemeza dawa zake vizuri hadi virusi visionekane tena kwenye vipimo hamwambukizi mwenzi wake kwa njia ya kujamiiana. Anayezikatiza, virusi huongezeka na hatari hurudi. Hivyo rangi ya kadi, ambayo kwenye mpango wa hospitali ilionekana kuwa jambo dogo la kurahisisha kazi, inaweza kuongeza maambukizi ambayo hospitali hiyohiyo imejengwa kuyapunguza.

Mwaka 2015 nchini Kenya lilitolewa agizo la rais la kukusanya taarifa za wanafunzi wanaoishi na virusi hivyo, pamoja na za walezi wao na za akina mama wajawazito na wanaonyonyesha, katika mfumo uliounganisha jina la mtu na hali yake ya afya. Desemba 2016 Mahakama Kuu iliamua kwamba agizo hilo lilikiuka haki ya faragha na maslahi ya mtoto, ikaelekeza majina yaliyokwisha kukusanywa yahifadhiwe kwa namna ambayo hayataunganishwa na hali ya mwenye jina. Msomaji anayedhani mahakama iliogopa kupita kiasi aangalie yaliyotokea Singapore, ambako Januari 2019 ilifahamika kwamba taarifa za watu 14,200 wenye VVU, yakiwemo majina, namba za simu na anwani zao, zimemwagwa kwenye intaneti. Rejesta hiyo ilikuwa ya wizara ya afya, katika nchi yenye fedha na wataalamu wa kutosha. Taarifa ya namna hii ikishatoka haifutiki, na aliyepoteza kazi au uchumba kwa ajili yake harudishiwi kwa kuombwa radhi.

Wanaotetea orodha za wazi hupenda kutukumbusha kwamba mficha maradhi kifo humfichua. Ni kweli tupu, lakini methali hiyo inazungumza na mgonjwa, inamhimiza asimfiche tabibu. Haimpi tabibu ruhusa ya kwenda kuyatangaza sokoni. Tena mgonjwa huifuata pale tu anapoamini kwamba atakayoyasema yatabaki chumbani mle. Korea Kusini ilikuwa imezirekebisha sheria zake baada ya mlipuko wa mwaka 2015 wa MERS, ugonjwa wa njia ya hewa unaosababishwa na aina ya virusi vya korona, ikazipa mamlaka za afya uwezo mpana wa kupata kumbukumbu za simu na za kadi za benki za wagonjwa, na mwanzoni mwa 2020 mizunguko ya wagonjwa ilichapishwa kwa undani kiasi kwamba watu waliweza kuwatambua na kuwasema. Mwezi Mei mwaka huohuo maambukizi yalipozuka katika kumbi za starehe za Itaewon, mtaa wa jiji la Seoul, ambazo baadhi yake hutembelewa na watu wanaobaguliwa katika jamii, wengi waliogopa kujitokeza kwa hofu kwamba kupimwa kungeanika maisha yao yote kazini na nyumbani. Jiji la Seoul likaruhusu watu wapimwe bila kutoa majina, kwa namba ya simu tu, na waliojitokeza wakaongezeka. Nchi iliyokuwa mbele ya nyingi katika kuwafuatilia wagonjwa ililazimika kuirudisha faragha ili iweze kuwapata.

Kuhusu uhuru wa kutembea na wa kufanya kazi, kosa linalojirudia ni kumgeuza mgonjwa kuwa mhalifu. Mwaka 2010, pia nchini Kenya, wagonjwa wa kifua kikuu walipelekwa gerezani kwa amri ya mahakama kwa sababu walikatiza dawa. Gereza lenye msongamano na hewa haba ni miongoni mwa mahali ambapo ugonjwa huo huenea kwa urahisi zaidi, kwa hiyo hatua iliyochukuliwa kwa jina la afya ya umma iliwaweka hatarini wafungwa na askari magereza ambao hawakuwa na kosa lolote. Machi 2016 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kuwafunga gerezani wagonjwa wa namna hiyo kunakiuka katiba. Nchini Liberia, Agosti 2014, askari waliuzingira mtaa wa West Point mjini Monrovia ili Ebola isitoke humo. Zikazuka vurugu, kijana mmoja akapigwa risasi na kufariki, na baada ya siku kama kumi mzingiro ukaondolewa. Kilichosaidia kweli katika mlipuko ule ni mazishi salama yaliyokubaliwa na wafiwa, na watu wa mitaa wenyewe kuwatafuta wagonjwa wao, na hayo yote yanategemea watu kuwaamini wanaobisha hodi.

Kisa cha Mary Mallon, mpishi wa New York, kinastahili kukumbukwa na kila anayeandika amri za karantini. Alikuwa akibeba vijidudu vya homa ya matumbo bila yeye mwenyewe kuugua, na mwaka 1907 alichukuliwa kwa nguvu akatengwa katika kisiwa cha North Brother. Aliachiwa mwaka 1910 kwa ahadi kwamba hatapika tena. Kazi ya kufua nguo ililipa kidogo kuliko upishi. Akabadilisha jina, akarudi jikoni, na mwaka 1915 akakutwa akipika katika hospitali ambamo homa hiyo ilikuwa imezuka. Alirudishwa kisiwani akakaa huko hadi alipofariki mwaka 1938. Simtetei kwa kurudi jikoni, kwa maana watu waliugua na kufa. Hata hivyo wabebaji wengine wa vijidudu hivyohivyo waliojulikana mjini humo hawakufungiwa kama yeye, na alipoachiwa hakuwekewa utaratibu wa kudumu wa riziki ambao ungemwezesha kuitimiza ahadi aliyoitoa. Amri ya kumzuia mtu asifanye kazi ina gharama, na gharama hiyo isipobebwa na wote wanaonufaika nayo, amri itakwepwa, tena na watu ambao wangependa kuitii. Chakula, kodi ya nyumba na fidia ya ujira wa siku za karantini ni sehemu ya hatua yenyewe ya afya, na inafaa zisomwe katika bajeti moja na fedha za dawa.

Vipimo vya kuzipimia hatua hizi vipo tayari. Hata Mahakama ya Juu ya Marekani, iliyokubali mwaka 1905 katika kesi ya Jacobson kwamba jimbo la Massachusetts linaweza kumtoza faini ya dola 5 mtu mzima aliyekataa chanjo ya ndui, ilionya kwamba uwezo huo usitumiwe kiholela wala kupita kinachohitajika. Mwaka 1984 wataalamu wa sheria waliokutana Siracusa, Italia, waliandika kanuni za kuongoza jinsi haki zilizomo katika Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa zinavyoweza kuwekewa mipaka: hatua itokane na sheria, iwe na lengo halali, iwe ya lazima kweli, pasiwe na njia nyepesi zaidi ya kufikia lengo lilelile, na isibague. Kanuni za Afya za Kimataifa za mwaka 2005, katika kifungu cha 45, zinataka taarifa za afya zinazomtambulisha mtu zitunzwe kwa siri na zisihifadhiwe kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika. Udhaifu wake uko hapo mwishoni, kwa kuwa afisa yeyote anaweza kusema bado zinahitajika, na hakuna wa kumpinga kama sheria ya nchi haikutaja idadi ya siku.

Nimesikia ikisemwa kwamba dharura haina nafasi ya mambo haya, kwamba nyumba ikiungua huwezi kuketi kujadili vifungu. Uingereza ilipitisha Sheria ya Virusi vya Korona mwezi Machi 2020 kwa muda usiofika wiki mbili, na bado ndani yake mliandikwa kwamba bunge litaipitia kila miezi sita na kwamba sehemu kubwa ya vifungu vyake itakoma baada ya miaka miwili. Sisemi sheria hiyo haikuwa na kasoro. Nasema haraka haikuwazuia kuandika tarehe. Ni rahisi zaidi kufanya hivyo sasa, wakati hakuna mlipuko unaotukimbiza na hakuna waziri anayeogopa kulaumiwa kwa vifo vya jana: amri ya dharura ikome yenyewe baada ya siku 30 isipohuishwa na bunge kwa kura, taarifa za ufuatiliaji zifutwe ndani ya muda unaolingana na ugonjwa husika, polisi na mamlaka za kodi na za uhamiaji wazuiwe kuzigusa kwa kifungu kinachotaja taasisi hizo waziwazi, na chombo kilicho huru kithibitishe ufutaji huo na kutangaza matokeo. Mhudumu wa afya atakayebisha hodi siku hiyo ataweza kumwambia mwenye nyumba, bila kusitasita, nini kitafanyiwa jina lake na hadi lini.

Ombi langu la mwisho ni kwako, Mhariri, na kwa wenzako wa magazeti mengine. Mlipuko ukitokea, kurasa zenu za mbele huchapisha kila siku idadi ya wagonjwa wapya, ya waliopona na ya waliofariki. Chapisheni pembeni ya namba hizo hatua iliyotangazwa imetokana na kifungu gani cha sheria, orodha ya majina iko mikononi mwa ofisi gani, na itafutwa tarehe gani. Tarehe hiyo ikifika, mtumeni mwandishi akaulize kama imefutwa, na jibu atakalolipata mlichapishe hata kama siku hiyo hakuna anayeuzungumzia tena ugonjwa ule.

Wasalaam,
Msomaji wenu